Koko Aliondoka bila Kukabidhi Kazi

Kwetu Mangobo, kwenye kona ambapo pikipiki hupunguza mwendo kwa sababu ya shimo, kuna ubao mrefu uliolazwa juu ya matofali, na pembeni yake meza yangu ya kushonea viatu. Nyuma ya ubao ni mlango wa Mama Marthe, mwenye secrétariat public: chumba kimoja ambamo huchapa barua, maombi ya kazi, matangazo ya msiba na mialiko ya arusi ya mtaa mzima. Mbele yake hukaa Djamila na termosi zake mbili za kahawa ya Bengamisa yenye tangawizi. Wenye benchi ni watatu. Papa Wenceslas tunamwita Turbine: alifanya kazi miaka thelathini, mwisho kama chef de quart, mkuu wa zamu, kwenye barrage, bwawa la umeme la mto Tshopo, na mpaka leo umeme ukikatika anatazama saa kama mtu aliyeitwa kazini. Tonton Zuberi, fundi wa nguo, ni Mètre, kwa kuwa utepe wa kupimia hautoki shingoni mwake hata akienda msikitini. Wa tatu ni Timothée, tunayemwita Professeur. Huyo alikuwa mlinzi wa mlango wa maktaba, na anaamini vitabu vilimwingia kwa mgongo.

Jumatano ile, kama saa mbili asubuhi, nilikuwa natia gundi sandali wakati Mama Marthe alipotoka nje akiwa ameshika CD mkononi kama sahani isiyo na chakula.

— Inakatala, akasema.

— Nini inakatala? akauliza Turbine.

— Mashine ya mupya. Inakatala kufungua mwaliko yenu.

Kikombe cha Mètre kilisimama njiani, kabla ya kufika mdomoni.

Mwaliko wenyewe ulikuwa wa arusi ya Fortunée, binti wa Turbine, na Amani, mtoto wa kiume wa Mètre. Ndoa ya commune, ya serikali, ilikuwa Jumamosi ya wiki iliyofuata. Watoto wenyewe walielewana siku ya kwanza. Baba zao walihitaji majuma matatu, na si kwa habari ya dini wala ya posa. Yote hayo yalipita kama maji. Walikwama kwenye karatasi. Jina la nani litangulie? Cheo gani kiandikwe chini yake? Walichana rasimu zote kwa mikono yao wenyewe, kusudi usibaki ushahidi wa nani alikubali nini. Jumapili, mchana, wakiwa wamesimama nyuma ya kiti cha Mama Marthe, mmoja kwenye kila bega, hatimaye walikubaliana. Wakapeana mikono. Tangu hapo wakawa wanaitana bokilo, mkwe, kwa sauti ya kusikika mpaka ng'ambo ya barabara.

Siku ile ile Mama Marthe alitaka kuuchapa. Turbine akamkataza. Alisema arusi ya binti yake haiwezi kutoka kwenye mashine iliyochoka; wangojee mpya inayokuja Jumatatu.

Mashine iliyochoka ilikuwa Koko. Mama Marthe aliipa jina hilo, babu, kwa sababu ilikuwa inakohoa. Alikaa nayo miaka kumi na tisa. Ukiiwasha, ulikuwa na wakati wa kunywa vikombe viwili kabla haijaamka, na umeme ukiondoka ilidai jenereta. Mwaka huu umeme uliondoka mara nyingi mno. Ndiyo maana alinunua mpya: kompyuta ya mezani iliyo ndogo kama Biblia, isiyo na sauti yoyote, inayofanya kazi siku nzima kwa betri ya jua. Jumanne alimpakia Koko kwenye pikipiki, akiwa amefungwa kwenye godoro, akampeleka kwa dada yake Germaine, anayeandika barua za parokia kule Bengamisa. Tuliokuwepo tulimwona anaigonga kidogo kwa kiganja kabla haijaondoka.

— Tueleze polepole, akasema Mètre. Hii mashine si iliandika barua ya Papa Aboubakar jana?

— Iliandika, na imprimante ilitoa karatasi muzuri. Lakini mwaliko yenu, yenye nilitoa mu Koko na flash, iko mu ile programme yangu ya zamani, yenye nilikuwa natumia kwa mialiko. Programme ingine haiwezi kuifungua. Na ile ya zamani, yenye iko mu hii CD, haiingie mu hii mashine. Nimepigia Trésor, mwenye aliniuzisha. Anasema hii iko na processeur ya sampuli ingine.

— Processeur, akasema Turbine, akimgeukia Professeur.

— Ubongo, akasema Professeur, bila kuulizwa mara ya pili.

— Njo vile, akasema Mama Marthe. Ubongo ya Koko ilikuwa ya sampuli ya zamani. Hii iko na ubongo ya sampuli ya simu, njo maana haikule courant, umeme, mingi. Trésor anasema kuko programme zenye zinaweza kuzoea, lakini yangu iko ya zamani sana. Na wenye waliitengeneza walisha kufunga milango. Hakuna wa kuuliza.

— Basi Koko aifungue, nikasema.

— Nimepigia Germaine. Parokia inawashaka jenereta saa tatu. Tungoje.

Ilikuwa bado karibu saa nzima. Kwenye benchi yetu, saa nzima ya kungoja bila nadharia haijawahi kutokea.

Turbine alikuwa wa kwanza.

— Mimi najua hii shida, hii likambo. Ni courant. Koko alizoea courant ya barrage, na courant yetu inatoka mu maji, iko nzito. Programme imekunywa maji miaka kumi na tisa, leo unaipatia jua? Lazima itaharisha.

— Papa, CD haiharishe, akasema Mama Marthe.

— Hujaishi nayo ku turbine, wewe.

Mètre akatikisa kichwa kwa upole wa mtu mwenye kazi ya mikono.

— Bokilo, hapana. Ni kama sindano. Sindano ya mashine ya mguu, uitie mu mashine ya moteur. Vyote vinashona, lakini hii mukia yake iko mviringo, ile iko na upande moja tambarare. Haingie.

Kwa kweli hakuna aliyesema jambo la maana kuliko hilo asubuhi ile yote. Angenyamaza hapo, tungemheshimu mpaka leo.

— Donc, akaendelea, tukate hii CD kidogo ku kando. Niko na makasi.

Mama Marthe akaificha CD nyuma ya mgongo wake.

— Mumesikia vile amesema, akaanza Professeur, naye akaweka kikombe chini, ishara kwamba mambo sasa yanakuwa marefu. Ubongo ya simu. Bon. Kitu yenye iko na ubongo ya simu inajiona ni nini? Simu. Na simu inafanyaka nini? Inangoja kuitwa. Sisi tunaigonga vidole, yeye anangoja tumupigie.

— Kwa numero gani? akauliza Djamila, akimimina.

— Njo shida! Haina SIM. Mulimuleta nyumbani bila kumupatia hata numero. Wewe ungefanya kazi?

Turbine alipendezwa, maana nadharia ya Professeur haikuigusa barrage. Akataka kujua kama mashine inaweza kuombwa msamaha. Mètre akasema labda igeuzwe, itazame upande wa mto. Mama Marthe, Mungu amlinde, aliingia ndani akaigeuza. Akarudi. Bado ilikataa.

— Mungoje, akasema Professeur, na macho yake yakang'aa. Koko aliondoka jana. Saa ngapi?

— Asubuhi.

— Na hii ilifika Jumatatu. Walikaa pamoja siku moja mu bureau. Walifanya remise et reprise?

Kwetu, hata katibu wa chama cha wauza pondu, kisamvu chetu, hawezi kuachia kiti bila remise et reprise: anayetoka anamkabidhi anayeingia funguo, mihuri na madeftari, wote wawili wanatia sahihi, na shahidi mmoja anapewa soda.

— Haikufanyika, akasema Mama Marthe taratibu.

— Haikufanyika! Professeur akasimama. Koko aliondoka na kazi yake yote mu kichwa, kama chef mwenye amefukuzwa. Sasa huyu mupya anaulizwa mwaliko. Mwaliko gani? Nani alimuonyesha? Iko wapi procès-verbal, karatasi ya makabidhiano? Mimi ningekuwa yeye, ningekatala pia!

Hata mimi nilijikuta natikisa kichwa kukubali. Mama Marthe alicheka mpaka akajifuta macho na kitenge, na nadhani si machozi yote yaliyokuwa ya kicheko. Ndani, alituambia, kulikuwa kimya mno. Zamani akiandika, Koko alikuwa ananguruma naye. Sasa alikuwa anasikia vidole vyake mwenyewe.

Hapo ndipo aliposema neno lililoharibu asubuhi.

— Lakini juu ya nini tunajitesa? Ni mistari tano tu. Muniambie vile mulikubaliana, niandike upya. Dakika kumi imeisha.

— Voilà, akasema Turbine. Andika. Kwanza, Papa Wenceslas, ancien chef de quart ku centrale.

— Kwanza? akasema Mètre.

— Kwanza.

— Bokilo, umesahau. Mimi njo wa kwanza. Zuberi, maître tailleur. Halafu wewe.

— Jumapili tulisema mimi.

— Jumapili tulisema mimi. Nilijiona na macho yangu ku écran, ku kioo. Nilifurahi mpaka nikakusalimia na mikono mbili.

— Mimi pia nilijiona na macho yangu! Ungekuwa wa kwanza, ningekupatia mukono mimi?

Wakamgeukia Professeur, aliyekuwa shahidi. Professeur alifikiri sana. Akasema kwa uaminifu kwamba hakumbuki mpangilio wa juu, ila anakumbuka vizuri kwamba chini kulikuwa na jina lake, mshauri wa familia zote mbili. Wakamwambia akae.

Tulidhani ni mchezo. Lakini Turbine alikuwa amesimama, na mshipa wa shingo yake umesimama naye. Yeye ni mtu wa Yanonge. Baba yake alikuwa mvuvi, na yeye wa kwanza katika ukoo kuandikwa kwenye karatasi yoyote yenye mhuri. Jina lake kwenye mwaliko halikuwa kitu kidogo. Mètre naye, babu za babu zake walifika mji huu wakiwa wafanyabiashara, na amesikia tangu utotoni kwamba wao ni wageni. Alitaka mara moja tu mji umsome yeye kwanza.

— Monsieur Zuberi, akasema Turbine, maana neno bokilo lilikuwa limekwisha. Unataka kuniiba mbele ya watu, juu mashine imekufa?

— Nani mwizi?

— Mwenye anasema kitu haikuandikwa.

Mètre alivua utepe shingoni. Miaka yote ile, sijawahi kumwona akiuvua. Akaukunja taratibu, akautia mfukoni.

— Koti yako iko ku mashine, akasema kwa sauti ndogo. Kola imebaki. Nilikuwa nakushonea kama ndugu. Leo nitafungua mushono yote.

— Fungua. Na arusi isimame kwanza, mpaka tujue nani anasema bongo, nani anasema kweli.

Djamila aliacha kumimina. Toleka mmoja, mbeba abiria, aliyekuwa amesimamisha baiskeli yake asikilize akapanda tena, akaenda, kwa adabu. Nikamwona Djamila anachukua simu na kuandika kitu kwa kidole gumba, na nilijua anamwandikia nani. Mama Marthe alisimama mlangoni kwake. Alikuwa ameandika mialiko ya mtaa huu tangu Fortunée ana umri wa kutumwa chumvi. Hajawahi kuvunja arusi.

Saa tatu na dakika chache simu yake ililia. Akaweka sauti ya nje, akaishika katikati yetu. Nyuma ya sauti ya Germaine, kule Bengamisa, tulisikia jenereta ya parokia, na nyuma ya jenereta kikohozi tulichokifahamu.

— Koko ameamuka, akasema Germaine. Nimeifungua. Nisome?

— Soma ya juu, wakasema wazee wawili kwa pamoja.

— Hapa juu kuko majina mbili ku mustari moja. Moja kushoto, moja kuume.

Wakatazamana.

— Kushoto iko nani? akauliza Turbine.

— Papa Wenceslas, ancien chef de quart ku centrale.

— Munasikia! Turbine akapiga mikono. Kushoto! Kusoma kunaanzaka kushoto. Mimi njo wa kwanza!

— Kunaanzaka kushoto kwa nani? akasema Mètre, na uso wake ulikuwa unafunguka pole pole kama dirisha. Mimi nilisoma ku madrasa. Kule tulianzaka kuume. Mama Germaine, kuume iko nani?

— Tonton Zuberi, maître tailleur.

— Alhamdulillah. Mimi njo wa kwanza.

Ilichukua muda kidogo. Kwanza Djamila alielewa, akaziba mdomo. Kisha mimi. Kisha Professeur, ambaye alitangaza kwamba alikuwa anajua tangu zamani. Turbine na Mètre walimgeukia Mama Marthe, aliyewapangia mstari ule Jumapili bila kuwaeleza kitu, akawaacha kila mmoja aone alichotaka kuona. Mama Marthe alikuwa anatazama pikipiki zinazopita.

— Bokilo, akasema Turbine hatimaye.

— Bokilo.

Wakakumbatiana. Mètre akatoa utepe mfukoni akaurudisha shingoni, akaagiza kahawa kwa kila mtu. Turbine akasema koti lisifunguliwe mshono, limaliziwe tu kola. Tulicheka. Germaine kule simuni alicheka bila kujua sababu.

Ni katikati ya kicheko hicho Fortunée alipofika, juu ya baiskeli ya toleka, na blauzi yake nyeupe ya kituo cha afya bado iko mwilini. Alikuwa amekimbia zamu. Alitazama baba yake amekumbatia baba mkwe wake, akatazama Djamila, akatazama simu.

— Mumesimamisha arusi yangu, akasema, ao mumeianzisha tena?

— Imeisha, mama, akasema Turbine. Ilikuwa likambo kidogo ya mashine.

— Ya processeur, akasema Professeur.

— Ya processeur. Iko sawa sasa. Sisi wote tuko wa kwanza.

Fortunée aliinama karibu na simu.

— Mama Germaine, ni mimi Fortunée. Unisomee pahali jina yangu iko.

Tulisikia Germaine anabonyeza, akitafuta.

— Ngoja, akasema Germaine. "Wanafurahi kuwaalika ku ndoa ya watoto wao..." Ngoja nishuke chini. "Jumamosi, saa nne ya asubuhi..." "Mshauri wa familia..." Eh, Professeur iko kweli.

— Na mimi?

— Haiko, mwanangu.

— Na Amani?

— Imeandikwa watoto wao tu.

Aliinuka. Hakupiga kelele. Ana tabia ile ya manesi, ya kuuliza neno dogo na kungoja jibu na kalamu mkononi.

— Nani alitutoa?

Turbine alimtazama Mètre. Mètre alitazama kikombe. Professeur, aliyekuwa na jibu la kila kitu tangu saa mbili, alisema kwamba vyeo vilikuwa virefu, kwamba nafasi ilikuwa ndogo, kwamba mtu mmoja alisema majina ya watoto yatawekwa kisha.

— Mutu gani?

Nilimwona Mama Marthe anajitafuta kichwani, Jumapili ile, mabega mawili nyuma yake, sauti mbili masikioni, na vidole vyake mwenyewe vikifuta. Hata yeye hakukumbuka. Djamila aliinamisha termosi juu ya kikombe cha Turbine ili kuwe na kitu cha kufanya. Kahawa ilikuwa imeisha; ilitoka sauti tu.

Fortunée akaingia ndani. Mama Marthe akamfuata, akamvutia kiti chake, kile ambacho tangu afungue bureau hajawahi kumwachia mteja. Sisi tukasimama mlangoni, vichwa vitano kwenye nafasi ya kimoja. Msichana aliandika kwa vidole viwili, taratibu, akitafuta kila herufi. Mashine ilipokea bila neno. Iliandika ñ mara moja, herufi isiyo yetu, akaifuta, akaendelea. Alipomaliza alisogea pembeni tusome.

"Fortunée na Amani wanaoana. Jumamosi, saa nne ya asubuhi, ku commune ya Mangobo. Mukuje wote."

Turbine alisoma. Akasoma tena, akisogea mpaka pua yake ikakaribia kioo.

— Na sisi? akauliza. Sisi tuko wapi?

— Papa, muko mu "wote".

Mètre alifungua mdomo. Kabla hajataja cheo chake, Mama Marthe alinyoosha mkono juu ya bega la msichana akabonyeza, na karatasi ya kwanza ikaanza kutoka.